Lindi au Mtwara? Mambo ya kuuliza kabla ya kununua shamba

Anayetafuta shamba kusini huanza kwa kuuliza mkoa upi una mvua zaidi. Swali hilo halimsaidii sana. Lindi na Mtwara zote zina msimu mmoja wa mvua: huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukitoka Tanga, sahau hesabu ya vuli na masika. Uliza shamba liko wapi: pwani, bondeni au juu ya uwanda?

Kwa eneo, Lindi ni karibu mara nne ya Mtwara, lakini sensa ya 2022 ilikuta watu kama milioni 1.2 Lindi na milioni 1.6 Mtwara. Kwa hiyo Tandahimba na Newala, wilaya za Mtwara, tegemea kuuziwa mikorosho iliyokwisha kupandwa, na Liwale, mkoani Lindi, tegemea kufyeka pori.

Maji ndiyo yanayowashinda wageni. Uwanda wa Makonde hupata mvua ya kutosha, ila udongo wake ni wa mchanga na maji huzama chini kabisa, yakaja kutokea kwenye chemchemi zilizo chini ya miteremko. Simama Shimo la Mungu pale Newala: bonde la Ruvuma unaliona lote, na nyuma yako watu wanakinga maji ya bati na kuyatunza hadi kiangazi. Kwa hiyo nenda ukalione shamba Oktoba. Machi kila mahali ni kijani, na dalali analijua hilo. Uliza ndoo ni shilingi ngapi kiangazi, tangi lina ujazo gani, na bomba la kijiji hutoa maji mara ngapi kwa wiki. Masasi, penye ile milima ya mawe, ni chini kuliko Newala yenye baridi, na joto la Oktoba huko si la mchezo. Lindi nayo ina miinuko yake, Rondo kwa mfano, kwa hiyo usidhani baridi ni ya Newala peke yake.

Ukungu na ubaridi wa Juni hadi Agosti hupendwa na ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho. Weka fedha ya salfa, dawa ya ugonjwa huo, kando kabla hujalipia shamba, na ujue pampu utaipata kwa nani.

Kuhusu barabara, hata ukinunua Mtwara bado unaitegemea Lindi, maana lori kutoka Dar es Salaam kwa njia ya pwani litavuka mito ya Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Kilwa. Mbegu, saruji na dawa ziwe ghalani mapema, zisisubiri Aprili.

Mahindi yana kalenda yake. Mara nyingi mvua husimama kidogo kati ya Januari na Februari, na aliyechelewa kupanda huumia hapo. Ufuta na mbaazi huvumilia zaidi.

La mwisho, kama shamba liko Liwale au Nachingwea, usimuulize muuzaji habari za tembo. Waulize majirani: wanapita mwezi gani, na msimu uliopita nani alilinda usiku.