Cha kunywa baada ya mazoezi kwenye hewa kavu ya Dodoma

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake ni kirefu na chenye upepo. Jasho hukauka kabla halijalowesha fulana. Mtu anapanda Mlima Imagi asubuhi, anashuka akiamini hakutoka jasho, anakunywa glasi moja, na mchana kichwa kinamgonga. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye mizani.

Hatua ya 1: Jipime

Pima uzito kabla ya mazoezi, ukishakojoa, ukiwa na nguo chache. Ukimaliza, jifute, vua zilizolowa, pima tena. Kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji. Zidisha kwa 1.5, kwa sababu sehemu ya utakachokunywa itatoka kwa mkojo. Aliyeanza na kilo 68 akamaliza na 66.8 amepungukiwa 1.2, hivyo anahitaji lita 1.8.

Uzito ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Acha kunywa hadi ukojoe vya kutosha.

Hatua ya 2: Amua kama unahitaji chumvi

Mazoezi mepesi ya chini ya saa moja yanatoshwa na maji pamoja na mlo wa kawaida. Sahani ya ugali na mlenda uliotiwa chumvi inarudisha sodiamu bila kinywaji maalumu. Mambo hubadilika ukikimbia zaidi ya saa moja na nusu, ukiona mistari myeupe ya chumvi kwenye kofia, au ukiwa na mazoezi mengine jioni. Hapo maji matupu hukata kiu mapema na mengi hutoka kwa mkojo, nawe unabaki na upungufu wa maji.

Hatua ya 3: Changanya

Kwa lita 1 ya maji safi na salama:

- chumvi robo kijiko cha chai
- sukari vijiko 3 vya chakula
- maji ya nusu limao

Vijiko vyote visawazishwe kwa kisu. Kijiko chenye kilima kinaharibu hesabu. Tia chumvi kwanza, koroga, uonje kabla ya sukari. Ikizidi ladha ya machozi, mwaga uanze upya. Kimalize siku hiyohiyo.

Badala ya limao, ubuyu unafaa sana, nao hapa upo tele. Loweka unga mweupe wa ubuyu kwenye maji ya vuguvugu, chuja, pima lita 1, kisha tia sukari na chumvi kwa vipimo vilevile. Ubuyu una potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo, kwa hiyo usiiruke chumvi.

Juisi halisi ya zabibu ina sukari karibu gramu 15 kwa kila mililita 100. Ikinywewa hivyo hukawia tumboni, na wengine huharisha. Changanya kikombe 1 cha juisi na vikombe 2 vya maji, utie chumvi kidogo. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kasoro hiyohiyo ya sukari.

Maziwa fresh au mgando, nusu lita, hukaa mwilini vizuri kuliko maji na huleta protini ya misuli. Kwa bei ya madafu yanayosafirishwa toka pwani, nunua maziwa. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iwekwe kwa aliyeharisha au aliyetoka jasho jingi mno. Ichanganye na maji kamili yaliyoandikwa kwenye pakiti.

Hatua ya 4: Kunywa polepole

Glasi ya mililita 250 kila dakika 20. Lita 1.8 zitakwisha kwa karibu saa mbili na nusu. Ukizigida kwa mkupuo, figo zitazitoa. Bia na mvinyo zisubiri hadi umalize, maana pombe huongeza mkojo.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza chumvi. Na mtu akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupata degedege baada ya mazoezi, msimlazimishe kunywa chochote. Mpelekeni hospitali mara moja, mkieleza amekunywa nini na kiasi gani.