Somo: Namna ya kuchagua akaunti ya benki kwa kampuni ndogo ya majengo

Wakuu, somo hili ni la wenye kampuni ndogo za majengo: una nyumba kadhaa za kupangisha zilizoandikwa kwa jina la kampuni, au unasimamia nyumba za wengine kwa ujira, au unafanya yote mawili. Mimi ni mhasibu, na vitabu vingi ninavyofunga ni vya kampuni za aina hii. Vurugu ninazozikuta humo ni nadra kutokana na makato ya benki. Chanzo chake ni fedha za watu watatu kulala kwenye akaunti moja. Kwa hiyo aliyekuja kutafuta benki yenye makato madogo avumilie kidogo, hilo liko hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Andika njia za fedha kabla hujaenda benki

Chukua karatasi. Upande mmoja orodhesha kila fedha inayoingia: kodi ya pango, amana anayoweka mpangaji anapohamia, ada ya huduma za jengo (ulinzi, usafi, lifti), mkopo, mtaji wa wanahisa. Upande wa pili zinazotoka: mafundi, rejesho la mkopo, bima, kodi ya serikali, amana zinazorudishwa, gawio, na fedha unazompelekea mwenye nyumba kama wewe ni msimamizi tu. Mbele ya kila mstari andika zinapita mara ngapi kwa mwezi, na ni za nani.

Safu hiyo ya "ni za nani" ndiyo kazi yenyewe. Muuza duka akishapokea fedha, ni yake. Kampuni ya majengo hupokea fedha nyingi ambazo si mapato yake hata kidogo, nazo zinaingia kwa sura ileile ya mapato. Ukitazama salio tu utajiona tajiri, kumbe robo yake ni amana za wapangaji na sehemu nyingine ni ya mtoza kodi.

Kuna na tabia ya kodi ya pango yenyewe: huingia siku zilezile, kwa kiasi kilekile. Vyumba 10 vinavyofanana vitaleta malipo 10 yanayofanana, na mlipaji pengine ni mwajiri wa mpangaji au ndugu yake ambaye humjui. Basi swali la kwanza kwa afisa wa benki liwe hili: malipo yakiingia, mimi nitaona nini? Je, maelezo aliyoandika mlipaji yanafika yote kwenye taarifa ya benki, au yanakatwa njiani? Omba uoneshwe mfano wa taarifa, usiridhike na "ndiyo". Zipo benki zinazotoa namba ndogo za akaunti, kila mpangaji na yake, huku fedha zote zikiishia kwenye akaunti moja. Mwenye wapangaji wengi asiipite huduma hiyo, maana inamwondolea usiku mzima wa kukisia nani kalipa na nani bado.

Hatua ya 2: Tenga fedha zisizo zako

Kisheria kampuni ni mtu mwingine, si wewe. Msingi huo ulithibitishwa Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Salomon, ambapo karibu hisa zote zilikuwa za mtu mmoja na bado mahakama ya juu ikasema kampuni na mwenye hisa ni watu wawili. Nchi nyingi zimeufuata. Ukilipa karo ya mtoto kutoka akaunti ya kampuni umechukua fedha ya mtu mwingine, na mhasibu atakuuliza ni mshahara, gawio au mkopo. Kwa hiyo akaunti yako binafsi isihusike kabisa, hata kama benki haijali.

Ndani ya kampuni nashauri akaunti tatu: ya uendeshaji, ya amana za wapangaji, na ya akiba kwa ajili ya kodi ya serikali na matengenezo makubwa. Ukisimamia nyumba za wengine, ongeza ya nne kwa ajili ya fedha za wenye nyumba.

Hiyo ya amana ndiyo wengi huidharau. Katika baadhi ya nchi sheria yenyewe inaamuru. Kwa mfano, England na Wales tangu Aprili 2007 amana za mikataba mingi ya upangaji wa makazi lazima zilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali. Soma sheria ya mahali zilipo nyumba zako kwanza. Lakini hata pale sheria iliponyamaza, kuna sababu ya kutenga ambayo haisemwi sana: mikataba mingi ya benki inaipa benki haki ya kuchukua salio la akaunti yako moja ili kulipa deni la akaunti yako nyingine. Kampuni ikichelewesha rejesho la mkopo, amana za wapangaji zinaweza kuondoka usiku mmoja, na wewe ndiye utakayedaiwa nao.

Kuwa na akaunti ya pili peke yake hakuzuii hilo. Omba akaunti ya fedha za wateja, jina lake lioneshe kwamba kampuni inazishika kwa niaba ya wengine, na benki ithibitishe kwa barua kwamba haitazigusa kwa deni la kampuni. Afisa akishindwa kukuelewa kuhusu barua hiyo, omba kuonana na mkubwa wake. Wote wakishindwa, tafuta benki nyingine.

Tazama pia bima ya amana za benki, yaani mfuko unaowalipa wateja benki ikifilisika. Mifuko hii ina kikomo kwa kila mteja katika kila benki, na kwa kawaida akaunti zote za kampuni moja hujumlishwa. Silicon Valley Bank ya Marekani ilipofungwa tarehe 10 Machi 2023, kikomo kilikuwa dola 250,000, na sehemu kubwa ya fedha za wateja wake ilikuwa juu ya hapo. Serikali iliingilia kati siku mbili baadaye, lakini hiyo ilikuwa hatua ya dharura, si haki ya mteja. Kampuni ndogo unaweza kudhani haikuhusu, mpaka siku unapouza nyumba na fedha yote kutua kwenye akaunti moja. Panga mapema itagawanywaje.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya makato kwa miamala yako mwenyewe

Sasa tumefika. Wapangaji 20 wanaolipa kila mwezi ni miamala 240 ya kuingia kwa mwaka, kabla hujamlipa fundi hata mmoja. Akaunti isiyo na ada ya mwezi lakini inayokata kila muamala inaweza kukugharimu kuliko yenye ada kubwa na miamala ya bure. Ile karatasi ya hatua ya kwanza ina idadi zako, basi zizidishe na jedwali la makato la kila benki. Usisahau makato ya kuweka fedha taslimu (mara nyingi ni asilimia ya kiasi), malipo ya nje ya nchi, taarifa za ziada, na adhabu ya kushuka chini ya salio la chini. Ofa ya "mwaka wa kwanza bure" mimi huifuta kabisa kwenye hesabu na kulinganisha mwaka wa pili.

Hatua ya 4: Amua nani anaandaa malipo na nani anaidhinisha

Mkataba wa akaunti useme nani ni watia saini, na kwa kiasi gani anatosha mmoja na kwa kiasi gani wanahitajika wawili. Jaribu kwenye programu ya simu ya benki kama sharti hilo linafanya kazi, maana kuna benki ambazo fomu ya karatasi inadai saini mbili huku programu ikimruhusu mtu mmoja kumaliza kila kitu. Mhasibu apewe ruhusa ya kuona na kupakua taarifa tu. Na muulize programu yake inasoma taarifa za mtindo gani. Taarifa ya picha au PDF tupu itamlazimu kunakili kila mstari kwa mkono, na saa hizo utazilipia wewe.

Hatua ya 5: Andaa nyaraka

Kwa kawaida utaombwa cheti cha usajili, katiba ya kampuni, namba ya mlipa kodi, vitambulisho na uthibitisho wa anwani za wakurugenzi, muhtasari wa kikao unaoamua kufungua akaunti, na maelezo ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya hisa. Nchi nyingi huanzia kwa mwenye asilimia 25, nyingine chini ya hapo.

Msishangae maswali yakiwa mengi. FATF, chombo kilichoundwa mwaka 1989 kupambana na utakatishaji fedha, kwa miaka mingi kimeitaja sekta ya majengo miongoni mwa njia za kuficha fedha chafu. Beba mikataba ya upangaji, hati za nyumba na ukurasa mmoja unaoeleza fedha zitatoka wapi na zitakwenda wapi. Ukurasa huo unao tayari, ni karatasi ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Hamia taratibu

Anza na wapangaji wachache, tazama malipo yao yanavyoonekana, kisha waarifu wengine kwa maandishi na uwape namba ya kuthibitisha kwa simu. Matapeli hupenda sana ujumbe wa "tumebadilisha akaunti". Akaunti ya zamani iache wazi miezi kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina nyumba mbili tu na wanahisa ni mimi na mke wangu. Akaunti tatu si nyingi mno?

Mkuu, kwa nyumba mbili anza na mbili: ya uendeshaji na ya amana. Kodi ya serikali unaweza kuitenga kwenye akaunti ndogo ya akiba ikiwa benki inaitoa bila ada. Ila ya amana usiiruke, hata mpangaji akiwa mmoja.

Benki iliyotukopesha inataka kodi zote za pango zipite kwake. Naruhusiwa kufungua kwingine?

Soma mkataba wa mkopo, dada. Sharti hilo ni la kawaida, na ukilivunja unaweza kuhesabiwa umekiuka mkataba hata kama hujachelewesha rejesho. Mara nyingi linahusu kodi za nyumba zilizowekwa rehani tu. Kodi hizo ziache hapo, na amana zihamishie benki nyingine kabisa: kwa hali yako, barua niliyoisema hatua ya pili haina nguvu kama umbali.

Naona benki za mtandaoni zisizo na matawi zina makato madogo. Zinafaa?

Zinafaa ikiwa wapangaji wako hawalipi taslimu. Hakikisha mambo mawili. Kwanza, je, ni benki yenye leseni au ni kampuni ya malipo? Fedha kwenye kampuni ya malipo mara nyingi haziko chini ya bima ya amana kwa namna ileile. Pili, wanatoa akaunti ya fedha za wateja? Nyingi hazitoi. Mimi ningeitumia kwa uendeshaji tu.

Riba ya akaunti ya amana ni ya nani?

Inategemea sheria na mkataba wa upangaji. Kuna mahali sheria inasema ni ya mpangaji. Andika kwenye mkataba kabla hajaingia; kubishana wakati anahama huwa kunakula muda kuliko riba yenyewe.

Wapangaji wangu wawili hulipa taslimu mkononi kwa msimamizi. Nifanyeje?

Msimamizi atoe risiti yenye namba mfululizo, na aweke benki kiasi chote siku hiyohiyo, bila kutoa hata ya fundi. Fundi alipwe kutoka akaunti ya uendeshaji. Akikata njiani, mapato yako kwenye taarifa ya benki yatasomeka madogo kuliko yalivyo, na siku ukiomba mkopo benki itahesabu hayo madogo.

Benki imetukataa bila maelezo. Tufanye nini?

Waombeni sababu kwa maandishi, ingawa wakati mwingine hawaruhusiwi kuieleza. Kisha kagueni kwenye msajili wa makampuni: anwani ya zamani, mkurugenzi aliyejiuzulu lakini bado anaonekana, au taarifa za mwaka ambazo hazikuwasilishwa. Rekebisheni hayo kabla ya kwenda benki ya pili, kwa sababu na yenyewe itafungua daftari hilohilo.