SOMO: Kujenga ghala la data kwa sprinti za wiki mbili (mfano: mikopo ya SACCOS)

Somo hili linawahusu wanaojenga ghala la data (hifadhidata inayokusanya data za mifumo kwa ajili ya ripoti) na ripoti za menejimenti, wameambiwa wafanye kazi kwa mbinu za ajaili, yaani kutoa kazi kidogo kidogo kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, na miezi mitatu imepita bila meneja yeyote kuona namba. Mara nyingi kosa liko kwenye ukataji wa kazi. Timu inapanga sprinti nne za kuvuta data, tatu za kuunda majedwali, mbili za ripoti. Huo ni mpango wa zamani uliopewa jina jipya, maana mtumiaji bado anasubiri hadi mwisho ndipo aone kitu.

Ilani ya ajaili ya 2001 iliandikwa na watu 17 wa fani ya programu za kompyuta. Kwenye ghala la data kuna ugumu wa ziada: programu mbovu unaibadilisha leo na kesho imesahaulika, lakini historia ambayo hukuihifadhi hairudi. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Mfano wetu ni SACCOS yenye matawi kadhaa, mfumo mmoja wa mikopo, na marejesho yanayoingia dirishani na kwa simu. Tuseme mikopo hai ni 20,000.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, ulikate wima

Usiandike "kujenga moduli ya mikopo". Andika swali ambalo mtu mwenye cheo fulani atalijibu kwa ripoti yako, na saa atakayoihitaji: "Kila siku saa mbili asubuhi, meneja wa mikopo aone salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, kwa kila tawi."

Swali hilo ni kipande kizima. Linagusa mfumo chanzo, linapita kwenye majedwali, linaishia mezani kwa meneja. Likionekana kubwa mno kwa wiki mbili, lipunguze, ila angalia unapunguza wapi. Wengi hukimbilia kusema "tuanze na tawi moja". Kama matawi yote yako kwenye hifadhidata moja, hujaokoa chochote. Kazi ni ile ile, umeongeza kichujio tu. Punguza kwa kipimo (salio kwanza, riba baadaye), kwa aina ya mkopo yenye kanuni zake za pekee, au kwa chanzo.

Hatua ya 2: Maandalizi, wiki moja hadi mbili

Sprinti ya kwanza huuawa na ruhusa zinazochelewa. Kabla haijaanza hakikisha una akaunti ya kusoma tu, unasoma kwenye nakala na si kwenye mfumo unaohudumia wateja, na unajua hesabu za siku hufungwa saa ngapi. Ukivuta data kabla ya kufunga siku, kila asubuhi utaonekana mwongo.

Wakati huohuo ipekue data yenyewe. Kwa kila jedwali utakalotumia hesabu nafasi zilizo tupu, namba za utambulisho zilizojirudia, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na misimbo yote iliyopo. Tegemea kukuta tarehe za 1900, mikopo iliyotolewa "mwaka ujao", namba za simu zinazoanza na 07 mahali pengine na 2557 mahali pengine, na mwanachama mmoja aliyesajiliwa matawi mawili. Haya ukiyakuta siku ya nane ya sprinti, ripoti haitoki.

Hatua ya 3: Ramani ya ukurasa mmoja

Usanifu wa mapema unaohitajika ni huu tu, na nusu siku inatosha. Kushoto orodhesha shughuli: kutoa mikopo, marejesho, akiba, hisa. Juu orodhesha vitu zinavyoshiriki: tarehe, mwanachama, tawi, aina ya mkopo, afisa mikopo. Weka alama panapokutana. Utaratibu huu ulienezwa na Ralph Kimball, na faida yake inaonekana sprinti ya tano: jedwali la tawi lililojengwa kwa ajili ya mikopo ndilo linalotumika kwenye akiba. Bila ramani kila sprinti itazaa jedwali lake la matawi, na jumla hazitalingana kamwe.

Hatua ya 4: Tamka safu moja ni nini, na ufafanuzi utiwe saini

Safu ni mstari mmoja wa jedwali. Itamke kwa sentensi moja: "Safu moja ni mkopo mmoja kwa siku moja." Mikopo 20,000 kwa siku 365 ni safu 7,300,000 kwa mwaka, mzigo mdogo kwa PostgreSQL (programu ya hifadhidata) kwenye seva ya kawaida. Kwa hiyo usianze na jumla za mwezi eti kuokoa nafasi.

Sasa ufafanuzi. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, riba tuiache pembeni, rejesho 100,000 kila mwezi. Mwanachama amelipa marejesho manne, la tano lilipaswa kulipwa tarehe 5 Machi, hajalipa. Tarehe 4 Aprili amechelewa siku 30, kwa hiyo bado hajaingia kwenye "zaidi ya siku 30". Tarehe 5 Aprili ana siku 31, ameingia. Lakini kama mhasibu anahesabu siku ya kulipa kuwa siku ya kwanza, kwake mkopo umeingia siku moja mapema. Halafu unaingiza kiasi gani? Kipimo cha salio lililo hatarini huchukua salio lote la mkopo, yaani 800,000, wala si rejesho la 100,000 lililochelewa. Namba hizi mbili hutofautiana mara nane kwenye mkopo huu mmoja. Meneja wa mikopo na mhasibu mkuu wakubaliane kwa maandishi, pamoja na mfano wenye tarehe, kabla mtu hajaandika SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata).

Mtego mwingine uko hapo hapo. Mkopo huo una safu 12 kwenye ratiba, na tuseme una safu 5 kwenye malipo, kwa kuwa rejesho moja lililipwa nusu nusu. Ukiunganisha majedwali hayo mawili kwa namba ya mkopo pekee unapata safu 60, na salio la 800,000 linajumlishwa hadi 48,000,000. Jumlisha kila upande kivyake kwanza, uwe na safu moja kwa mkopo, ndipo uunganishe.

Hatua ya 5: Siku 10 za kazi

Timu ya watu watatu hadi watano. Siku ya kwanza kupanga. Ya pili na ya tatu, data ghafi iingie. Ya nne hadi ya sita, kanuni za hesabu. Siku ya tano, hata kama hakuna dashibodi (skrini ya namba na grafu), mpelekee meneja namba za matawi mawili kwenye Excel. Atakuambia "tawi hili haliwezi kuwa na deni dogo hivi" ukiwa bado na muda. Ya saba na ya nane kulinganisha na leja. Ya tisa ripoti. Ya kumi onyesho, kwa data halisi.

Vikao vya kila asubuhi visizidi dakika 15, na hayo yanatosha kuhusu vikao.

Hatua ya 6: Tabaka ghafi lisiguswe

Kila kilichovutwa kihifadhiwe kama kilivyokuja, kikiwa na saa ya kupakiwa na namba ya mzigo (kila upakiaji una yake). Usisafishe hapo, usifute hapo. Kanuni ikibadilika unafuta majedwali ya juu na kuyajenga upya kutoka ghafi. Bila tabaka hili, kila badiliko ni operesheni.

Upakiaji nao uweze kurudiwa bila madhara: ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (yote yafanyike au yasifanyike kabisa) futa tarehe husika, kisha iingize upya. Anayeingiza tu bila kufuta atakuwa na salio mara mbili siku umeme ukikatika katikati ya kazi. Na usipakie jana peke yake. Malipo ya simu yaliyokwama husahihishwa baadaye kwa tarehe ya nyuma, hivyo rudia siku saba za mwisho kila usiku.

Hatua ya 7: "Imekwisha" maana yake nini

Kipande kimekwisha pale ambapo: idadi ya mikopo kwenye ghala ni sawa na ya chanzo, jumla ya salio ni sawa na akaunti ya mikopo kwenye leja kuu, hadi shilingi ya mwisho, hakuna mkopo uliojirudia kwa siku moja, kila mkopo una tawi linalojulikana, na mzigo wa usiku umemalizika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Majaribio haya yaandikwe kama skripti zinazokimbia kila usiku. Sprinti ya sita inakimbiza ya sprinti zote tano zilizotangulia. Kuyafanya kwa macho kunawezekana mwezi wa kwanza tu.

Tofauti na leja ikibaki, tafuta kwanza mambo matatu: mikopo iliyofutwa vitabuni lakini ingali hai kwenye mfumo, maingizo ya mkono yaliyofanywa kwenye leja moja kwa moja, na saa. Seva ikitumia UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), miamala ya kati ya saa sita na saa tisa usiku huku Afrika Mashariki huandikwa tarehe ya jana. Hii ya saa hupoteza siku nzima za watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Bosi anataka bei na tarehe ya mwisho ya mradi mzima. Nikimwambia "wiki mbili mbili" ananiona mbabaishaji.

Jibu: Mpe bajeti ya muda, kwa mfano sprinti sita, na orodha ya maswali kwa mpangilio wa umuhimu wake yeye. Mwambie matatu ya juu yana uhakika na mengine yatategemea hali ya data. Makadirio mazuri yanakuja baada ya sprinti ya pili, kwani hapo unajua chanzo kina uchafu kiasi gani. Kabla ya hapo ni ramli.

Swali: Afisa mikopo amehamishwa tawi mwezi wa sita. Ripoti ya mwezi wa tatu sasa inaonyesha mikopo yake kwenye tawi jipya. Tufanyeje?

Jibu: Mnaandika juu ya taarifa ya zamani. Kwenye jedwali la maafisa weka safu mbili kwa mtu huyo: ya kwanza ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ya pili ina tarehe ya kuanza na mwisho ulio wazi. Kila safu iwe na ufunguo wake wa ndani (namba ya pekee inayotolewa na ghala), na safu za mikopo za Machi zishike ufunguo wa Machi. Fanyeni hivi tangu sprinti ya kwanza kwa tawi na afisa. Namba ya simu au tahajia ya jina, andikeni juu tu.

Swali: Tuko wawili, na kila siku kuna mkurugenzi anayetaka "karipoti kadogo". Sprinti haifiki popote.

Jibu: Kwa hali hiyo acheni sprinti, tumieni kanbani: ubao mmoja, kazi mbili tu zikiwa mkononi kwa wakati mmoja, mpya haiingii hadi moja itoke. Au mmoja awe wa maombi wiki hii, mwingine ajenge, wiki ijayo mbadilishane. Mkiona ombi lile lile linarudi mara kwa mara, hilo ndilo swali lenu linalofuata kwenye ghala.

Swali: Ufafanuzi wa mkopo chechefu (usiolipwa inavyotakiwa) umebadilika baada ya sprinti ya nne. Tubadilishe na namba za nyuma?

Jibu: Hilo aamue mhasibu mkuu, msiamue ninyi. Kitaalamu wekeni safuwima mbili, ya kanuni ya zamani na ya kanuni mpya, na zijengwe zote mbili tangu siku ya kwanza ya data ghafi. Kwenye ripoti andikeni tarehe ambayo kanuni mpya imeanza. Ripoti iliyokwisha kwenda bodini isibadilike kimyakimya. Mjumbe akiifungua tena na kukuta namba nyingine, hataamini hata zile zilizo sahihi.

Swali: Dashibodi tuinunue kabla au baada?

Jibu: Baada ya onyesho la pili. Hadi hapo Excel iliyounganishwa na ghala inatosha, na mtakuwa mmeshajua watumiaji wanachuja kwa nini na wanachapisha nini.