Gitaa la nyumbani halihitaji karakana

Anayepiga gitaa kujifurahisha hana haja ya vifaa vya fundi. Tyuna (kifaa cha kulinganisha sauti za nyuzi), plaizi ya kukatia nyuzi, bisibisi, rula yenye alama za nusu milimita na spana ya Allen (ya pembe sita) iliyokuja na gitaa vinamaliza kazi nyingi.

Chukua kupima mpindo wa shingo. Tyuni kwanza. Weka kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya 1, yaani kijiti cha kwanza cha chuma kwenye shingo, kisha bana uzi mnene pale shingo inapokutana na mwili. Uzi huo sasa ndio rula yako. Kwenye freti ya 7, pitisha chini yake kipande cha uzi wa kwanza (ule mwembamba zaidi) uliochakaa, wa inchi 0.010 (milimita 0.25 hivi). Kikipita kwa kugusa kidogo tu, iache shingo ilivyo. Nafasi ikizidi, kaza nati ya fimbo ya shingo (chuma kilicho ndani ya shingo kinachoinyoosha) robo mzunguko, mwelekeo wa saa, tyuni upya, upime tena. Ikigoma, usilazimishe.

Hapa wengi huharibu: spana ya inchi kwenye nati ya milimita huingia, lakini inacheza, na hula kingo hadi nati inakuwa duara.

Tupa za kuchonga mifereji ya kidaraja cha juu (kipande kinachopitisha nyuzi kwenye mwisho wa shingo, karibu na kichwa) na za kusawazisha freti? Mwachie fundi. Mfereji ukizama kupita kiasi, uzi usiobanwa hugonga freti ya 1 na kuvuma, na kilichochongwa hakirudi.