Kumwekea mgonjwa wa kiume mpira wa mkojo: kwa daktari mtarajali

Kazi hii utaitiwa usiku, na mara nyingi utakuwa peke yako. Mtu ambaye mkojo wake umeziba ana maumivu makali, nawe utatamani kumaliza upesi. Haraka hiyo ndiyo inayojeruhi.

Kwanza jiulize kama mpira unahitajika. Mkojo umeziba, au mgonjwa ni mahututi na lazima apimwe mkojo kila saa: weka. Kujikojolea peke yake si sababu. Ikiwa ameumia nyonga na damu inaonekana kwenye tundu la mkojo, usiguse. Mwite daktari wa upasuaji.

1. Mweleze, omba ridhaa yake, uliza kuhusu mzio wa lateksi na lidokeini (dawa ya ganzi), vuta pazia. Andaa mpira namba 14 au 16, jeli ya lidokeini, glovu tasa, maji ya sindano mililita 10 na mfuko.

2. Nawa, vaa glovu, rudisha govi nyuma, safisha kuanzia kwenye tundu kwenda nje. Mkono ulioshika uume si safi tena, usishike nao mpira.

3. Ingiza jeli taratibu, kisha subiri dakika 3 hadi 5. Subiri kweli. Mgonjwa anayeumia hukaza misuli, na njia hujifunga.

4. Nyosha uume uelekee juu, ingiza mpira polepole. Ukikwama kwenye tezi dume usilazimishe. Mwambie avute pumzi ndefu na ajaribu kukojoa huku wewe ukisukuma kidogo tu. Kwa mzee mwenye tezi kubwa, namba 18 mara nyingi hupita pale ambapo mwembamba hujikunja. Ukishindwa mara mbili, ita mkubwa wako.

5. Hapa kuwa makini kuliko popote. Matundu ya mpira yako mbele ya puto linaloushikilia kibofuni, kwa hiyo mkojo unaweza kutoka wakati puto bado limo njiani. Ukiona mkojo, endelea kuingiza hadi kwenye njia panda ya mpira, pale unapogawanyika, ndipo ujaze puto kwa yale maji ya sindano. Nikiwa mtarajali nilimhudumia mzee aliyejaziwa puto kabla ya kufika kibofuni, na sijasahau damu ile. Tazama uso wake unapojaza: akikunja uso au maji yakigoma, nyonya yote, ingiza zaidi. Mkojo usipotoka kabisa, huenda jeli imeziba. Bonyeza taratibu chini ya kitovu. Usijaze kwa kubahatisha.

6. Vuta kidogo hadi puto likae. Rudisha govi mahali pake, maana likiachwa nyuma hubana na kuzuia damu. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.

7. Andika saa, namba ya mpira, maji ya puto na kiasi cha mkojo wa kwanza. Kama ulikuwa umeziba, endelea kupima: ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, mgonjwa anapoteza maji mengi na huenda akahitaji dripu. Na kila asubuhi mnapopita wodini, uliza kama bado anauhitaji mpira, kwa kuwa kila siku ya ziada huongeza hatari ya maambukizi.