Namna ya kuwasoma Watempla, watawa-wapiganaji wa Vita vya Msalaba, pale Tomar, Ureno

Ukishuka treni ya kutoka Lisbon, usikimbilie lile dirisha linalopigwa picha na kila mtu. Mie wageni wangu huwaanzishia ukutani: ngome hii Gualdim Pais, mkuu wa Watempla wa Ureno, aliianza mwaka 1160, na mwaka 1190 ikastahimili mazingiwa ya Waalmohadi, dola ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini. Halafu ingia Charola, kanisa la mviringo. Lizunguke taratibu, uhesabu: kitovu kina pande 8, ukuta wa nje 16. Papa alilivunja shirika la Watempla mwaka 1312. Mfalme Dinis, mjanja yule, akaunda Shirika la Kristo mwaka 1319 lirithi mali zao, zikabaki Ureno. Sasa nenda dirishani. Msalaba ulio juu yake, wa Shirika la Kristo, ndio uliokuwa kwenye matanga ya Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, Aprili 1498.