Shimo la moramu: panga kabla hujaita kijiko

Mtu akishasikia shambani kwake kuna moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, na barabara inajengwa jirani, anachowaza ni kukodi kijiko tu, ile mashine ya kuchimba na kupakia. Subiri kwanza. Kijiko kinakula dizeli na hela ya saa iwe kinachimba mali au kinachimba udongo usiouzika, kwa hiyo kazi ya mwanzo ni ya sururu, koleo na futi kamba.

Makaratasi napita haraka. Kwa hapa Tanzania moramu, mchanga na kokoto ni madini ya ujenzi kwenye Sheria ya Madini ya 2010, hati ya shamba peke yake haikupi ruhusa ya kuuza kilichoko chini. Nenda ofisi ya madini ya mkoa uombe leseni ndogo ya uchimbaji, ile PML (Primary Mining Licence), ni ya Watanzania na inadumu miaka 7, na uulize hapohapo habari ya mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini unayouza, na mpango wa mazingira. Shamba likiwa la mtu mwingine mwandikishiane na serikali ya kijiji ishuhudie. Halafu mto ukiwa karibu pima, sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka kingo ziachwe.

Sasa shimo lenyewe. Chimba vishimo vya majaribio kila baada ya mita 30 hivi, mistari inayokatana, na kila kimoja andika vitu vitatu: udongo wa juu una unene gani, moramu ina unene gani, na chini yake umekuta nini, mwamba, mfinyanzi au maji. Usikadirie kwa macho, moramu ina tabia ya kuwa nene hapa halafu hatua chache mbele imeisha kabisa. Sampuli zipeleke maabara ya udongo, maana mkandarasi hanunui rangi nyekundu, ananunua CBR, kipimo cha udongo unavyohimili mzigo. Akikwambia anataka G45 anamaanisha CBR isipungue asilimia 45, G15 ni asilimia 15, na bei haiwezi kuwa moja.

Hesabu ni hivi. Tuseme eneo ni mita 100 kwa 50 na moramu ina wastani wa mita 1.5, hiyo ni mita za ujazo 7,500 ikiwa bado imelala ardhini. Toa kama asilimia 10 ya kuchanganyika na uchafu na kubaki pembeni, zinabaki 6,750. Moramu ikichimbwa inavimba, weka asilimia 25, unapata kama 8,400 za kupakia, kwa tipa la mita 15 ni tripu 560. Sasa ndio uzidishe na bei halafu utoe kijiko, kusafisha eneo, barabara ya kuingilia, mrabaha, na hela ya kufukia. Ukiona udongo wa juu ni mita nzima na moramu ni nusu mita, mimi naacha, watakaokula ni wenye mitambo.

Kabla ya tripu ya kwanza chora ramani hata kwenye daftari. Anzia upande wa chini wa mteremko ili maji ya mvua yatoke yenyewe, na upande wa juu kata mtaro wa kuyakinga yasiingie. Udongo wenye rutuba ukwanguliwe na uwekwe peke yake, lundo lisizidi mita 2, na tafadhali usiliweke juu ya moramu ambayo hujachimba, utakuja kulihamisha kwa hela yako. Mpaka wa jirani acha mita 10, nguzo za umeme mbali zaidi. Tipa ziingie njia moja zitoke nyingine ikiwezekana, mteremko wa kutokea usizidi mita 1 kwa kila 10, la sivyo mvua ikinyesha kidogo tu tipa lililojaa halipandi na foleni nzima inasimama.

Kinachoua watu ni ukuta wa shimo. Vijana wa koleo wanapenda kuchimba pango chini kwa sababu moramu inaporomoka yenyewe na kazi inakuwa rahisi, mpaka siku inayowaporomokea. Kataza kabisa, hapo usibembelezane na mtu. Ukuta ushuke kwa ngazi au ulale, asikae mtu chini yake kupumzika kivulini, na baada ya mvua kubwa msimamizi azunguke juu aangalie nyufa kabla mtu hajashuka.

Getini weka mtu mmoja mwenye kitabu: namba ya gari, saa, ujazo, sahihi ya dereva. Bila hicho kitabu tripu zinapotea na mwisho wa wiki mnaanza kubishana na mkandarasi. Na usikubali kujaza kichuguu ili kumfurahisha dereva, mbele kuna mizani.

Kufukia usisubiri mwisho, mwisho hela huwa imeshaisha na kijiko kimeondoka. Gawa eneo vipande, ukimaliza cha kwanza rudishia kifusi kilichokataliwa, laza kingo kama mita 3 kwenda nje kwa kila 1 ya kina, mwagia ule udongo wa rutuba juu, otesha majani, hapo kijiko kiko kipande cha pili kinaendelea kupakia. Sehemu itakayobaki na maji iwekewe uzio siku hiyohiyo, watoto hawasubiri likizo kuja kuogelea.